Ramani ya Kando ya Josho

Iko siku moja ya Jumapili, Mwanangu, ambayo naiona hadi leo kana kwamba vumbi lake halijatua. Nilikuwa nimesimama kando ya josho la ng'ombe, kwenye shamba la mzungu kule juu ya Keringet, fimbo mkononi, na majirani wetu wote wameketi kwenye nyasi wakinitazama. Neno lililokuwa mbele yao lilikuwa moja tu: nirudi shuleni nikasome jiografia, au nibaki shambani niwe karani wa maziwa.

Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mtoto wa mtoto wangu. Na siku hiyo imenirudia kwa sababu yako. Juzi jioni nilikuwa jikoni nikipoza chai, nikakusikia ukibishana na watu wa nyumba hii juu ya somo la kuchagua. Shule imekwambia uchague moja kati ya historia, jiografia na dini, na kila mtu ana lake. Mama yako anasema dini, kwa sababu Biblia angalau iko nyumbani tayari. Kaka yako anasema historia, eti mwalimu wake hatoi kazi nyingi. Baba yako anauliza ni lipi litakupeleka ofisini haraka. Ndipo ukanigeukia ukasema, "Babu, na wewe ulichaguaje?" Nilicheka mpaka chai ikanipalia, nikashindwa kukujibu. Basi jibu lako ni hili hapa, na ni refu kidogo, maana mimi sikuchagua peke yangu.

Miaka hiyo ya hamsini watu wetu wengi kule juu waliishi kwenye mashamba ya wazungu. Baba alikamua ng'ombe wa bwana mwenye shamba. Mama alichuma pareto, yale maua meupe ambayo yakikaushwa hutengenezewa dawa ya wadudu. Kwa kazi hiyo tulipewa mahali pa kujenga na pa kulishia mifugo wetu wachache. Asubuhi baridi ilikuwa ya kuuma masikio, na ukungu ulishuka kutoka msitu wa Mau ukakaa juu ya mapaa mpaka watu wanapokunywa chai ya saa nne. Lakini usifikiri tulikuwa watu wa huzuni. Tulicheka sana kule juu.

Shule yangu ilikuwa ya bweni, ya misheni, ng'ambo ya Nakuru. Kufika huko nilipanda lori la maziwa hadi stesheni ya Molo, kisha gari la moshi. Kwa miaka miwili ya kwanza tulisoma kila kitu tulichopewa, bila kuuliza. Halafu tukaambiwa kwamba kuanzia kidato cha tatu kila mwanafunzi atachagua somo moja kati ya historia, jiografia na uraia, na mengine atayaacha. Ilikuwa ajabu kubwa kwetu. Hatukuwa tumezoea kuulizwa tunataka nini.

Mimi nilijua ninachotaka. Mwalimu wetu wa jiografia, mtu mfupi mwenye sauti nzito kama ya padri, alikuwa ametupeleka siku moja kwenye kilima kinachotazama Ziwa Nakuru, akatwambia tuketi na tuchore tunachokiona. Nilichora ziwa, nikachora ule utepe wa waridi wa ndege heroe ukingoni, nikachora reli ikipita. Alisimama nyuma yangu kwa muda, kisha akasema, "Wewe una jicho." Basi. Akaenda kwa mwingine. Maneno hayo matatu yalinishibisha muhula mzima. Mwanangu, ukiwa mwalimu siku moja, usiwe mchoyo wa maneno madogo kama hayo. Hayakugharimu kitu, na kijana anaweza kuyala kwa miezi.

Likizo ya Desemba tuliagizwa twende tukakubaliane na wazazi. Nilimweleza Baba jioni tukiwa zizini. Alisikiliza, akamaliza kufunga lango, akasema, "Hili si langu peke yangu."

Alikuwa na haki. Ada yangu haikutoka kwenye zizi moja. Ndama alitoka kwetu, mtamba akatoka kwa Baba Mkubwa, kondoo wakatoka kwa majirani. Nilikuwa mwanafunzi wa watu wengi. Na kwetu sisi Wakipsigis, jambo la watu wengi hupelekwa kokwet. Kokwet ni kikao cha majirani, ambapo wazee huketi na kulizungumza jambo mpaka wote wakubaliane. Hakuna kupiga kura. Akibaki mmoja amenuna, mnaanza upya.

Sasa nikueleze habari za Baba Mkubwa. Alikuwa kaka wa baba yangu, na msaidizi wa nyapara shambani. Siku hizo watu hawakukusanyika ovyo. Ilibidi ruhusa, na yeye ndiye aliyetuombea. Kwa hiyo alikuja kikaoni akiwa na uzito wa aina mbili, wa ukoo na wa ruhusa. Alikuwa mtu mwema, na yule mtamba wake alimtoa bila kusukumwa. Ila alikuwa na akili inayokata moja kwa moja kama panga.

Tulikutana kando ya josho kwa sababu pale palikuwa wazi, na bwana mwenye shamba alikuwa amekwenda kanisani Molo. Wanaume waliketi kwa duara. Wanawake, ambao kwa desturi hawakuingia kwenye duara, walikaa nyuma ya ua wa josho wakipukuchua mahindi, na kusikia kila kitu. Mzee arap Sigei, aliyeongoza kikao, alikuwa na kigoda chake kidogo na fimbo ndefu iliyolainika kwa kushikwa. Mimi nilikuwa nimetoka jandoni mwaka uliotangulia, kwa hiyo niliruhusiwa kusimama na kujibu.

Baba Mkubwa ndiye aliyeanza. "Hebu nieleweshe. Mwalimu amesema unaweza kuacha somo?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa. Tunachagua moja, mengine tunayaacha."

"Na ukiyaacha hupigwi?"

"Sipigwi."

"Hufukuzwi?"

"Hapana."

Akawageukia wenzake, mikono ameifungua. "Mmesikia wenyewe, si mimi. Tumetoa mifugo yetu kwa kitu ambacho mwalimu mwenyewe anasema kinaachika. Kama moja linaachika, na la pili linaachika. Kama mawili yanaachika, huyu kijana anaweza kuacha yote na asipatwe na neno. Karani wa maziwa ameondoka. Bwana anatafuta mtu wa kuandika. Huyu anajua kuandika. Tunangoja nini?"

Wazee wakaguna kwa kukubali. Mwanangu, sitakudanganya: hata mimi niliiona hoja ile imesimama sawasawa. Nilimtazama Baba, naye akatazama viatu vyake. Nilihisi gari la moshi likiondoka Molo bila mimi.

Mzee arap Sigei akainua fimbo. "Ngojeni. Tusikatae kitu tusichokijua. Kijana, tueleze hayo masomo. Anza na hilo wanaloliita historia."

"Ni habari za zamani, mzee. Wafalme wa Uingereza na vita vyao."

"Vizuri. Walikuwa wa rika gani?"

Hapo nilikwama. Kwetu kila mwanamume akitoka jandoni huingia rika lake, na majina ya marika huzunguka, yakiisha yanaanza tena. Ukitaka kujua jambo lilitokea lini, huulizi mwaka. Unauliza ni rika gani lililokuwa limeshika mikuki wakati huo.

"Hawana rika, mzee."

"Hawana?" Alishtuka kweli. "Sasa wakikutana njiani, walijuaje nani amwamkie mwenzake kwanza?"

"Nadhani waliangalia taji."

Kicheko kikapita duarani. Nikaona nitafute kitu cha kuwapendeza. "Mmoja wao alioa wake wengi."

"Eeh, huyo ni mtu," akasema mzee mmoja kutoka nyuma.

"Lakini si kwa pamoja. Alikuwa akimchoka mmoja anamwacha anaoa mwingine. Wengine aliwakata vichwa."

Hata mahindi ya wanawake yaliacha kudondoka kwenye ungo. Mzee arap Sigei aliifikiria ile habari kwa uchungu, kisha akauliza kwa upole, "Na ng'ombe wa mahari, walirudishwa?"

"Kitabu hakisemi, mzee."

"Kitabu hakisemi! Sasa kitabu hicho kinasema nini?"

Watu walicheka mpaka wengine wakalala kwenye nyasi. Nyuma ya ua wanawake walicheka kuliko sisi. Lakini Baba Mkubwa hakucheka. Alikuwa anasubiri.

(Usije ukamwambia mwalimu wako wa historia kwamba babu yako anamdharau. Vitabu tulivyopewa sisi ndivyo vilivyokuwa vyembamba. Nyinyi mna vitabu vinavyouliza habari za mahari, na za waliolima, na za waliopika. Swali la mzee arap Sigei lilikuwa swali zuri la historia. Lilikuja mapema tu.)

"Na hilo lingine," akasema mzee, akijifuta macho. "Hilo unalolitaka."

"Jiografia. Ni elimu ya nchi, mzee. Milima, mito, mvua."

Baba Mkubwa akadakia. "Mvua inahitaji shule? Mvua ikinyesha, unaingia ndani."

Nikaona kwamba kwa maneno nitashindwa. Pale kando ya josho udongo ulikuwa umekanyagwa na kwato mpaka ukawa laini kama unga. Nikamwomba mzee arap Sigei fimbo yake. Alinitazama, akanipa. Kupewa fimbo ile lilikuwa jambo kubwa, na duara zima liliinamisha shingo mbele.

Nikachora. Nilivuta barabara ya Molo, na ile kona ambapo lori hukwama masika. Nikachora kijito, na ukingo wa msitu. Nikachora josho lenyewe, kisha nyumba ya bwana, jengo la maziwa, shamba la pareto na banda lake la kukaushia, na boma la ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu. Sikuwa nimeanza kueleza bado, wazee wakaanza kuinuka mmoja mmoja.

"Hiyo si kona ya lori?"

"Ndiyo yenyewe! Na hapo chini ndipo tulipolisukuma."

"Basi hapa tulipo ni hapa. Tazama, nimesimama juu ya josho na bado niko kando yake!"

Hata Baba aliinua uso. Niliendelea kuchora, na moyo ukaanza kunipanda. Nilijua mstari wangu ni safi. Nilikuwa nimeichora kama ramani halisi, kama ile iliyotundikwa kwenye ofisi ya shamba, ambayo nilikuwa nimeichungulia dirishani mara nyingi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ua.

"Wewe Kipng'etich!"

Alikuwa Kogo Tapsabei. Kogo ndilo neno letu la nyanya, na yeye alikuwa nyanya wa kila mtu: mjane, jirani yetu wa karibu, aliyetoa kondoo wake wa pekee siku nilipokwenda shule mara ya kwanza. Sauti yake ilizoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde.

"Nyumba ya mzungu nimeiona," akasema. "Ng'ombe wake nimewaona. Maua yake nimeyaona yakikaushwa. Sasa niambie, moshi wangu uko wapi?"

Nilitazama chini. Moshi wake haukuwepo. Wa mtu yeyote haukuwepo. Nilikuwa nimechora shamba zima, na sikuweka hata nyumba moja ya watu waliokuwa wamenizunguka. Hata ya mama yangu.

"Mmeona?" akasema Baba Mkubwa, wala hakusema kwa furaha. "Miaka miwili shuleni, na tayari ametuhamisha."

Hakuna aliyecheka. Lazima uelewe, Mwanangu, kwamba siku hizo mtu aliyeishi kwenye shamba la mwingine aliweza kuambiwa neno moja asubuhi, na jioni akawa njiani na watoto na mifugo. Kutoonekana kwenye ardhi kulikuwa hofu ya kila nyumba. Wazee walioinuka wakaanza kurudi kuketi. Niliona kikao kinanifunga.

Mzee arap Sigei hakunikemea kwa sauti. Aliuliza tu, "Kijana, ulipokuwa unachora, ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapa, mzee."

"Hapana. Ulikuwa umesimama kwenye veranda ya bwana."

Alisema taratibu, kama mtu anayekutoa mwiba. Uso ulinichoma. Lakini ndani ya ule moto nilikumbuka maneno ya mwalimu, kwamba nina jicho, nikajiuliza: kama ninalo kweli, linatazama nini? Nikaenda mpaka kwenye ua, nikasimama mbele ya Kogo Tapsabei.

"Kogo, nisamehe. Mimi sijui pa kuweka. Njoo unionyeshe."

Baba Mkubwa akasema lile ambalo kila mtu alilifikiria: "Mwanamke haingii kokwet."

Mzee arap Sigei aliinuka, akachukua kigoda chake, akakisogeza nyuma hatua kadhaa, akaketi tena. "Kokwet imepumzika kidogo," akasema. "Sasa hivi tunachora."

Kogo Tapsabei akaweka ungo wake chini. "Siji mikono mitupu," akasema, akaondoka. Tukamngoja. Nyumba yake haikuwa mbali, na punde si punde tukamwona anarudi na kijiwe mkononi, cheusi kwa masizi, alichokiokota kando ya mafiga yake. Akaingia kwenye ramani kwa uangalifu, akafuata barabara yangu bila kukata kona. Alipofika kwenye kijito nilichokichora, akainua sketi yake juu kidogo ili isilowe, akaruka.

Hapo, Mwanangu, ndipo shamba lile lilipopasuka kwa kicheko. Wazee walishikana mabega. Kogo mwenyewe alikuwa anacheka huku anainama, akaweka kijiwe chake mahali, akakizungusha. "Hapa. Na mlango unatazama huku, jua linakoingilia asubuhi."

Baada yake hapakuwa na wa kuzuiwa. Wanawake waliacha mahindi. Watoto walikimbia nyumbani wakarudi na mawe, mengine makubwa kuliko mikono yao. Kila mtu aliweka la kwake, na kila aliyeweka alikuwa na neno.

"Toa jiwe lako kwenye viazi vyangu!"

"Viazi vyako viko juu ya njia yangu tangu mwaka juzi, leo ndiyo unaviona?"

"Nani ameweka jiwe msituni?"

"Ni la shemeji. Si unajua yeye anaishi na nyani."

Mama alikuja akaweka letu, akalipapasa kama anayemlaza mtoto. Baba akachomeka vijiti kando yake kuwa zizi, na akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye mzee, "Lango liko sawa hapo?" Nikamwambia liko sawa.

Baba Mkubwa alikuwa bado amesimama pembeni, mikono nyuma. Mke wake, Mama Mkubwa, akamwita mbele ya watu wote: "Nyumba yetu unaiacha porini?" Ikambidi aende. Akarudi na jiwe kubwa, amelikumbatia kifuani, akalibwaga karibu na barabara.

"Hiyo ni nyumba," akauliza Kogo Tapsabei, "au ni stesheni ya Molo?"

Safari hii hata Baba Mkubwa alicheka. Na kicheko kilipokwisha alibaki pale, anatazama chini. Mawe yalikuwa yamejaa kotekote: kando ya kijito, kwenye mteremko, nyuma ya pareto, mpaka kwenye ukingo wa msitu. Nyumba ya bwana ilikuwa mraba mmoja tu katikati yao.

"Sikujua tuko wengi hivi," akasema Baba Mkubwa.

Tulikuwa tunaishi pale miaka yote, tunasalimiana, tunaazimana moto, lakini hatukuwa tumewahi kujiona sote kwa mara moja. Mama ndiye aliyesema kwanza. "Tazameni basi. Sisi tuko wote upande huu, maji yako upande ule, na ua wa shamba la pareto umekaa katikati. Ndiyo maana mgongo haunipoi." Baba Mkubwa akachuchumaa. Alizunguka pareto kwa kidole, kule wanawake wanakozunguka kila siku na maji mgongoni. Kisha akavuta mstari mfupi uliopita katikati. "Njia inaweza kupita hapa," akasema. "Nitazungumza na nyapara." Alizungumza naye kweli, na baada ya mavuno ua ulifunguliwa, na mama yangu aliipita njia ile mpaka tulipoondoka shambani.

Mzee arap Sigei akasogeza kigoda chake mahali pake, na kokwet ikarudi. Alimuuliza kila mmoja. Zamu ya Baba Mkubwa ilipofika, alisimama na kujipangusa vumbi magotini.

"Karani wa maziwa huandika maziwa ya bwana," akasema. "Huyu leo ametuandika sisi. Aende akasome hili la mawe." Akaketi, kisha akainuka tena. "Lakini lile la wafalme aliache. Mtu wa kukata wake vichwa atamfunza nini?"

Mzee akageukia ua, ingawa desturi haikumtaka. "Kogo, umebaki umenuna?"

"Nitanuna akisahau," akajibu Kogo.

Baba akaleta kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyoganda yenye ladha ya mkaa. Mzee arap Sigei akachovya majani ya nyasi mbichi, akaninyunyizia kichwani na kifuani, na wazee wakaitikia. Wasichana walikuwa wamekata sinendet, ule mmea utambaao tunaowavika washindi, wakanivika shingoni kana kwamba nimeshinda mbio. Kesho yake ilikuwa siku ya kuogesha ng'ombe. Kwato zingefuta kila kitu. Kwa hiyo kabla giza halijaingia kila mtu aliokota jiwe lake akarudi nalo nyumbani. Nilimwomba Kogo Tapsabei anipe la kwake niende nalo shuleni. Aliliweka nyuma ya mgongo. "Ukilichukua," akasema, "mimi nitaishi wapi?"

Muhula ulipoanza mwalimu wetu wa jiografia alitupa kazi ya kuchora mahali tunapotoka. Nilianza na nyumba. Aliiangalia karatasi yangu kwa muda mrefu, na safari hii hakusema nina jicho. Aliuliza, "Huyu anayeishi hapa kando ya kijito ni nani?" Nikamwambia, na ikawa ndiyo siku aliyoniomba nimsimulie habari za nyumbani, hadi kengele ikalia. Mimi mwenyewe nilikuja kuwa mwalimu wa somo hilo kwa maisha yangu yote, na kila mwaka siku ya kwanza niliwaambia wanafunzi kila mmoja alete jiwe kutoka kwao. Walikuwa wananiona kichaa mpaka waanze kugombania mpaka wa viazi.

Sasa, Mwanangu, nasaha yangu. Usiliogope neno la kuchagua, wala usilichague somo kwa sababu ni rahisi, au kwa sababu rafiki yako amelikimbilia, au kwa sababu mtu amekuahidi meza ofisini. Historia, jiografia, dini, uraia, yote haya yanazungumza juu ya kitu kimoja, yaani watu: walikotoka, wanapoishi, wanachoamini, wanavyotawalana. Huwezi kukosea sana ukichagua lolote kati yao. Unaweza kukosea katika namna ya kulisoma. Kwa hiyo fanya hivi: kabla hujaandika jina la somo kwenye fomu yako, mkalishe mtu wa nyumbani ambaye hajui chochote juu yake, mama yako au yule jirani anayeuza mboga, umweleze. Usimtishe kwa maneno makubwa. Mweleze mpaka aanze kuuliza maswali. Somo ambalo wewe mwenyewe utafurahi kuulizwa maswali yake, hata yale ya kukuchekesha, hata yale ya kukuaibisha, ndilo lako. Na akikuuliza jambo ambalo kitabu hakisemi, usimcheke. Liandike. Huenda hilo ndilo utakalolifanyia kazi miaka yote.

Tena, ukiwa umelipata, jiulize kila mara umesimama wapi. Wapo watakaokuonyesha nchi yako kutoka kwenye veranda zao, na mistari yao itakuwa safi, nawe utapenda kuiga mistari safi, kama mimi. Iga usafi wake, lakini shuka ngazi. Zunguka. Tafuta nani hajaonekana, umwite, na usione aibu kumwambia hujui pa kumweka. Watu huwasamehe haraka vijana wanaouliza. Nilisamehewa kabla kibuyu hakijafunguliwa.

Na wale wanaobishana nawe jikoni, wasikukasirishe. Baba Mkubwa ndiye aliyenipinga, na ndiye aliyebeba jiwe kubwa kuliko wote. Anayekubishia juu ya masomo yako ameweka mtamba wake ndani yake. Mpe fimbo achore naye.

Nakuombea, Mwanangu, upate mwalimu atakayekwambia neno dogo la kukushibisha, na nyanya wa kukuita kwa jina lako lote unapopotea. Mvua ikukute karibu na nyumba ya watu wema. Popote utakapokwenda, njia ifunguke katikati ya ua. Na kila mahali ardhi ya nchi hii itakapochorwa, moshi wako uonekane.